Mafua ya 2009: Tulitishwa Bure?

MPANGAJI WA BAJETI: Naanza na hesabu ambazo hakuna anayezikana. Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa virusi vipya vya H1N1, ambavyo watu waliviita mafua ya nguruwe, vimefikia daraja la 6, la juu kabisa, yaani janga la dunia nzima. Siku hiyo orodha yake ilikuwa na wagonjwa 28,774 katika nchi 74, na waliofariki walikuwa 144. Tarehe 10 Agosti 2010 shirika hilohilo likatangaza kuwa janga limekwisha, na vifo vilivyothibitishwa na maabara vilikuwa havijafika 19,000 kwa dunia yote. Mafua ya kila mwaka, yanayokuja na kuondoka bila kutangaziwa daraja, hukadiriwa kuua mamia ya maelfu. Kati ya matangazo hayo mawili Ufaransa iliagiza dozi milioni 94 za chanjo, wakachanjwa watu kama milioni 6. Uingereza, ambayo mwezi Julai iliambiwa kwamba mambo yakiharibika kabisa vifo vinaweza kufika 65,000, ilihesabu vifo 457 na ikalipa zaidi ya pauni bilioni 1. Misri iliamuru nguruwe wa nchi nzima wachinjwe, wapatao 300,000, wakati ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu kwa mtu. Familia za Zabbaleen zinazookota taka za Cairo na kuwalisha nguruwe mabaki ya vyakula zikapoteza riziki yao. Fedha hizi na mifugo hii vilikuwa na kazi nyingine. Sisemi virusi havikuwepo. Nasema makali yake yalikuzwa, na aliyeyakuza hakulipa.

MTAKWIMU: Umeweka mezani namba mbili kana kwamba zimepimwa kwa kibaba kimoja, na hapo ndipo mjadala huu huharibika kila mara. Vifo 18,449 vya orodha ya mwisho ni vya watu ambao sampuli ilichukuliwa puani au kooni, ikahifadhiwa kwenye baridi, ikafika maabara yenye mashine na kemikali za kupimia, jibu likatoka na likaripotiwa. Mlolongo huo ukikatika mahali popote, marehemu anaandikwa nimonia, au haandikwi kabisa. Yale mamia ya maelfu ya mafua ya kawaida hayakupatikana hivyo. Ni makadirio: watafiti hutazama vifo vyote vya kifua na moyo, wakaangalia vinavyopanda msimu wa mafua, wakakokotoa ziada. Ukitaka kulinganisha, ipime H1N1 kwa kipimo hichohicho. Kazi hiyo ilifanywa na kundi la watafiti lililoongozwa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, na ikachapishwa mwaka 2012. Kwa miezi 12 ya kwanza walikadiria vifo 284,000, na wakasema wazi kwamba idadi ya kweli inaweza kuwa chini kama 151,700 au juu kama 575,400. Makadirio yao ya katikati ni kama mara 15 ya orodha ya maabara.

Na tazama orodha yenyewe ilivyogawanyika. Mabara ya Amerika yaliandika vifo zaidi ya 8,500. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, ambamo zimo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, iliandika 168. Mwezi Juni 2009 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mwanafunzi wa Kiingereza, na mwezi uliofuata virusi vilithibitishwa Tanzania na Uganda. Tangu hapo vilisambaa kama vilivyosambaa kwingine. Makadirio ya 2012 yanasema zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokea Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki, maeneo yenye chini ya watu 4 katika kila 10 wa dunia. Anayesema kwamba janga hili liliua watu wachache anaisoma orodha ya mahali penye maabara.

MPANGAJI WA BAJETI: Makadirio yenye kikomo cha chini na cha juu kinachozidi mara tatu si msingi wa kujengea bajeti. Hata hivyo nakubali. Chukua 284,000. Bado tuko palepale pa mafua ya kila mwaka. Na namba hiyo ilikuja mwaka 2012, miaka mitatu baada ya hundi kusainiwa. Mimi sikuuliza tunajua nini leo. Nauliza mlijua nini Aprili 2009, mlipotuambia tutoe fedha. Nakumbuka namba zenu za wakati ule. Mtu aliyezisoma angefunga milango na kusubiri kufa.

MTAKWIMU: Basi tuiangalie Aprili, maana ndiyo yenye somo. Makali ya ugonjwa huelezwa kwa sehemu kama zile za darasani: juu kiasi, chini asili. Kiasi ni waliokufa, asili ni walioambukizwa. Mwishoni mwa Aprili 2009 wizara ya afya ya Mexico ilizungumzia karibu wagonjwa 2,000 wa nimonia kali na vifo karibu 150 vilivyoshukiwa. Ukigawa, unapata zaidi ya vifo 7 katika kila wagonjwa 100. Wiki hiyohiyo, tarehe 29, orodha ya waliothibitishwa na maabara Mexico ilikuwa na wagonjwa 26 na vifo 7, zaidi ya robo. Nchi moja, wiki moja, majibu mawili ya kutisha, na yote mawili yamekosea kwa sababu ileile: asili imehesabiwa mlangoni mwa hospitali. Aliyepata homa ya siku tatu, akanywa maji ya moto na kurudi kazini, hayumo. Kila mtu wa aina hiyo anayekosekana chini ya mstari anaufanya ugonjwa uonekane mkali kuliko ulivyo.

Watafiti wa Imperial College London walilijua hilo, wakatafuta mlango mwingine. Waliwatazama wasafiri waliorudi makwao kutoka Mexico. Nchi zenye maabara nzuri ziliwapima wasafiri hao, hata wenye homa ndogo, na idadi ya wanaosafiri inajulikana. Kutokana na sehemu ya wasafiri walioambukizwa, walikadiria kwamba kufikia mwisho wa Aprili watu kama 23,000 walikuwa wameambukizwa ndani ya Mexico, huenda 6,000 tu, huenda 32,000. Makali yakashuka kutoka 7 katika 100 hadi kama 4 katika 1,000. Matokeo hayo yalichapishwa Mei, mwezi mmoja kabla ya tangazo la daraja la 6. Desemba Uingereza ikatoa hesabu yake kwa England: vifo 26 katika kila wagonjwa 100,000. Tangu Aprili hadi Desemba makali yalishuka zaidi ya mara 200 kwenye karatasi, na virusi ni vilevile. Kilichobadilika ni nani anahesabiwa.

MPANGAJI WA BAJETI: Umenisaidia hoja yangu bila kukusudia. Kama kosa la mwanzo huwa linaegemea upande mmoja, upande wa kutisha, basi busara ni kuzipunguza namba za mwanzo kabla ya kuzitangaza, na kusubiri. Anayejua mizani yake huzidisha hupunguza kabla ya kutoza bei.

MTAKWIMU: Ningekubali kama kosa lingekuwa linaegemea upande mmoja. Haliegemei. Mwaka 2003 ulipozuka ugonjwa wa SARS, hesabu za mwanzo zilikuwa kama vifo 4 katika kila wagonjwa 100. Ulipokwisha, wagonjwa 8,096 walikuwa wameandikwa na 774 kati yao wamefariki, karibu 10 katika 100. Namba ilipanda zaidi ya mara mbili. Sababu yake ni rahisi kuieleza na rahisi kuisahau: mgonjwa huingia kwenye asili siku anapothibitishwa, lakini huingia kwenye kiasi wiki kadhaa baadaye, akifa. Mlipuko unapokua kwa kasi, wengi walioko kwenye orodha bado wako kitandani na hatima yao haijulikani. Ukigawa leo, umewahesabu wote kama waliopona. Kwa hiyo kila mlipuko mpya una makosa mawili yanayovutana. Wagonjwa wadogo wasioonekana wanaikuza namba, na vifo vinavyochelewa vinaipunguza. Wiki za kwanza hakuna anayejua kamba itavutwa upande gani. Ukiwa na desturi ya kupunguza siku zote, utafaulu kwa H1N1 na utazika watu kwa SARS.

DAKTARI WA WODI: Nimewasikiliza mkigawanya sehemu, na hesabu zenu sizipingi. Ninachopinga ni kudhani kwamba sehemu moja, hata ikiwa sahihi kabisa, inaniambia nijiandae kwa lipi. Vifo 26 katika 100,000 ni wastani wa watu ambao hawafanani. Chukueni majira ya baridi ya 2009 huko Australia na New Zealand, ambako madaktari wa vyumba vya wagonjwa mahututi walihesabu kila mgonjwa wa H1N1 aliyelazwa kwao kuanzia Juni hadi Agosti. Walikuwa 722. Zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa chini ya miaka 65. Karibu theluthi mbili waliwekwa kwenye mashine ya kusaidia kupumua. Wajawazito, ambao ni kama mmoja katika kila watu 100 wa nchi hizo, walikuwa 9 katika kila 100 waliolazwa. Wenyeji asilia wa Australia na Wamaori walizidi sana uzito wao katika idadi ya watu. Hadi mwanzoni mwa Septemba mgonjwa mmoja katika kila saba alikuwa ameshakufa, na hizo ni nchi ambazo mashine zipo na wauguzi wapo.

Mafua ya kawaida katika nchi tajiri huchukua wazee. Haya yaliwapita wazee kwa sababu wengi wao walikuwa wamekutana ujanani na jamaa za virusi hivi, waliokuwa wakizunguka hadi mwaka 1957, na damu yao ikabaki na kumbukumbu. Marekani ilikadiria vifo karibu 12,500 katika mwaka wa kwanza, na karibu 9 katika kila 10 walikuwa na umri chini ya miaka 65. Sasa niambie, ndugu mpangaji, kifo cha mama wa miaka 28 mwenye mimba ya miezi saba, na kifo cha babu wa miaka 86, vyote ukiviandika kimoja kimoja na kusema jumla ni ileile ya kila mwaka, umepima nini? Kila uhai una uzito wake, na babu hana thamani pungufu. Lakini mama yule anaacha watoto, na hakuna mpango wa wodi unaotengenezwa kwa wastani. Wodi inataka kujua ni nani atakayekuja, siku ngapi atakaa, na anahitaji nini ili asife.

MPANGAJI WA BAJETI: Daktari, nakuheshimu, lakini wodi yako ndiyo asili mbaya kuliko zote alizozieleza mwenzetu. Kwako hafiki ila mgonjwa mkali. Ukisema ugonjwa ni mkali kwa kuwa umewaona wakali, umeuhukumu mji kwa kuitazama mahakama yake. Na kuna upande wa pili wa huruma ambao hauutaji. Hatua tunazochukua nazo huumiza. Februari 1976 mwanajeshi mmoja kijana alikufa kwa mafua yenye asili ya nguruwe katika kambi ya Fort Dix, Marekani. Wataalamu wakakumbuka 1918, ambapo mafua yaliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50. Mwezi Machi Rais Gerald Ford akatangaza kwamba kila Mmarekani atachanjwa. Wakachanjwa zaidi ya milioni 40. Mafua yenyewe hayakutoka nje ya kambi. Kilichotokea ni ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré, unaolegeza viungo, ambao uliongezeka kwa kama mtu mmoja katika kila 100,000 waliochanjwa, na Desemba kazi ikasimamishwa. Mwaka 2009 chanjo ya Pandemrix iliyotumika Ulaya ilikuja kuhusishwa na ugonjwa wa kusinzia ghafla kwa watoto na vijana wa Finland na Sweden. Watoto hao walikuwa wazima. Nani anawaweka kwenye hesabu ya makali?

DAKTARI WA WODI: Wawekwe, na wawekwe kwa heshima, wao na familia zao, na walipwe. Sitetei dawa kwa kuficha madhara yake. Lakini unaponiambia nisubiri, niambie nisubiri hadi lini. Kutengeneza chanjo ya mafua kwa mayai ya kuku, njia iliyotumika kwa sehemu kubwa ya chanjo za 2009, huchukua kama miezi sita tangu virusi vitambuliwe. Virusi vilitambuliwa Aprili. Chanjo ilianza kutoka kwa wingi Oktoba, na huko Marekani wimbi la pili lilikuwa kileleni mwezi huohuo. Wengi walichanjwa wimbi likishuka. Na huo ndio mwendo wa waliowahi, walioagiza mapema bila uhakika. Nchi nyingi za Afrika zilipokea dozi za msaada mwaka 2010, wakati makaburi ya nusu ya pili ya 2009 yameshaota majani. Ungesubiri mpaka sehemu yako itulie, Desemba, ungeanza kutengeneza Desemba. Chanjo yako ingefika Juni. Kusubiri ushahidi nako ni uamuzi, wenye vifo vyake. Tofauti ni kwamba wanaokufa kwa kusubiri hawapangi foleni kudai fidia.

MTAKWIMU: Hapa mnaweza kugombana hadi usiku, kwa sababu mmefunga maamuzi mawili katika fundo moja. Baada ya 1976 serikali ya Marekani iliwaita Richard Neustadt na Harvey Fineberg wachunguze kilichoharibika, na taarifa yao ya 1978 bado ndiyo bora kuliko mengi yaliyoandikwa tangu hapo. Hawakusema kwamba wataalamu walikosea kuogopa. Kifo cha kijana mwenye afya kwa virusi vipya, na wenzake kambini wakiwa wameambukizwa, ni jambo la kuogopesha. Kosa waliloliona ni kwamba uamuzi wa kutengeneza chanjo na uamuzi wa kumchoma kila mtu vilipitishwa kwa pamoja mwezi Machi, bila kupanga siku ya kukaa tena na kuuliza, na bila kuandika ni ushahidi gani ukikosekana utatufanya tusimame. Virusi havikuonekana Aprili, havikuonekana Julai, havikuonekana Septemba, na kila mwezi ule ukimya wake haukuwa na mahali pa kuingia kwenye mpango. Albert Sabin, yule wa chanjo ya polio ya matone, alifikia kupendekeza itengenezwe na kuwekwa ghalani. Hakusikilizwa.

Kwa hiyo mimi simwambii mpangaji asubiri, wala simwambii daktari aharakishe. Nasema kila hatua ipimwe kwa gharama ya kuirudisha nyuma. Kutengeneza dozi kunapoteza fedha. Kumchoma mtu mzima kunaweza kupoteza afya yake. Kuchinja nguruwe wa maskini hakurudishiki kabisa. Hatua ya kwanza inahitaji ushahidi mdogo, ya pili mkubwa zaidi, ya tatu mkubwa kuliko zote, na Misri ilianza na ya tatu. Makali yasiyojulikana hayakuwa udhuru wa jambo lile, kwa sababu hata kama ugonjwa ungekuwa mkali mara 100, nguruwe wale hawakuwa njia yake ya kuenea.

MPANGAJI WA BAJETI: Hapo umenigusa, na nitakuongezea kosa la 2009 linalofanana na hilo. Daraja la 6 halikupima makali hata kidogo. Lilipima kuenea: virusi vikisambaa katika jamii za kanda zaidi ya moja ya dunia, daraja linapanda, viwe vya kuua au vya kukohoza. Siku ileile ya tangazo, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Margaret Chan, alisema makali yanakadiriwa kuwa ya wastani. Lakini mikataba ya chanjo ya baadhi ya serikali za Ulaya ilikuwa imefungwa kwa daraja, si kwa makali. Daraja likipanda, oda inaanza kukimbia. Neno lililotungwa kueleza umbali lilivuta mabilioni kana kwamba limeeleza uzito. Mwaka 2010 wabunge wa Baraza la Ulaya walilalamika vikali, na baadhi ya washauri wa shirika walihojiwa kuhusu uhusiano wao na kampuni za dawa. Kamati ya uchunguzi iliyoundwa na shirika lenyewe, na mwenyekiti wake akawa Fineberg huyohuyo wa 1978, haikuona ushahidi kwamba kampuni ziliuendesha uamuzi. Ila ilikiri kwamba shirika halikuwa na kipimo cha makali kinachoeleweka na kutumika sawasawa kila mahali. Miaka 33 kati ya taarifa mbili, na jina lilelile kwenye zote. Mwananchi aliyeambiwa janga, akatazama mtaani asilione, atasikia nini mara ijayo tukimwita?

DAKTARI WA WODI: Atasikia kile tutakachokuwa tumemzoesha kusikia. Tukimpa namba moja, na namba ikabadilika, ataona tumedanganya. Tukimwambia leo kwamba vifo vinaweza kuwa 1 katika 1,000 au 1 katika 10,000, na kwamba wiki mbili zijazo tutakuwa na majibu ya kundi fulani la watu, akaja akayaona majibu hayo, anakuwa ameufuatilia ushahidi pamoja nasi. Watu wetu si wageni wa kutokuwa na hakika. Mkulima hupanda bila kujua mvua itanyesha kiasi gani, na haiiti mamlaka ya hali ya hewa ya uongo kila ikisema huenda. Anataka kujua huenda hiyo ni ya kupanda mtama au ya kupanda mahindi.

MPANGAJI WA BAJETI: Basi tuache 2009, tuone kama mmejifunza. Mafua ya ndege, H5N1. Tangu 2003 nchi mbalimbali zimeripoti wagonjwa zaidi ya 900, na karibu nusu wamekufa. Nusu! Nikiiamini namba hiyo, niuze kila kitu cha wizara ninunue chanjo. Lakini tangu 2024, virusi hivyo vilipoingia kwenye ng'ombe wa maziwa Marekani, wameandikwa wagonjwa kama 70, wengi wao wafanyakazi wa mashamba wenye macho mekundu na homa ndogo, na kifo cha kwanza kikatokea Louisiana mwanzoni mwa 2025. Nusu, au karibu sufuri? Nipeni namba ya kuweka kwenye karatasi.

MTAKWIMU: Sitakupa moja, na sababu zake si za kujificha. Ile nusu inatoka kwa watu waliofika hospitali wakiwa hoi, sehemu kubwa Indonesia, Vietnam, Misri na Kambodia, vijijini, ambako mwenye mafua madogo baada ya kuchinja kuku hapimwi na mtu. Ile karibu sufuri inatoka kwa wafanyakazi waliotafutwa shamba kwa shamba wakapimwa hata kwa jicho jekundu. Kwenye mashamba ya Michigan na Colorado walipochukuliwa damu wafanyakazi 115, wanane walikuwa na kingamwili za H5N1, na nusu ya hao wanane hawakukumbuka kuumwa. Hiyo ndiyo asili iliyofichika, imeonekana kwa macho. Lakini usikimbilie kushusha pumzi. Virusi vya ng'ombe na virusi vilivyomuua mgonjwa wa Louisiana si tawi moja. Kijana wa British Columbia, Kanada, aliyelazwa mahututi mwishoni mwa 2024, naye alikuwa na virusi vinavyokaribiana na vile vya ndege wa porini, si vya ng'ombe. Njia ya kuambukizwa pia ina neno: tone la maziwa likiruka jichoni si sawa na vumbi la banda la kuku likivutwa hadi mapafuni. Na hakuna hata moja kati ya namba hizi inayosema makali yatakuwaje siku virusi vikijifunza kupita mtu kwa mtu, kwa sababu siku hiyo vitakuwa vimebadilika. Kwenye karatasi yako andika kwamba ni chini sana ya nusu, kwamba si sufuri, na kwamba kipimo cha damu cha watu wanaoishi na kuku na ng'ombe ndicho kitakachoibana nafasi iliyobaki.

MPANGAJI WA BAJETI: Kipimo cha damu cha watu wazima, wasioumwa. Umewahi kusimama mbele ya kamati ya bunge kuomba fedha za kuwapima wasioumwa? Mbunge ataniuliza zahanati ya jimbo lake ina mitungi mingapi ya oksijeni. Nitakosa jibu, na fedha zitaondoka.

DAKTARI WA WODI: Na mbunge huyo atakuwa na haki. Oksijeni haitaki tujue makali. Mafua yakiwa mepesi, itatumika kwa watoto wenye nimonia, ambao hawajawahi kuisha. Yakiwa mazito, ndiyo kitu cha kwanza tutakachokililia, kama tulivyokililia wakati wa UVIKO-19. Kama ni lazima nichague kitu kimoja kabla ya ushahidi wowote, nachagua mtungi, na mafundi wa kuujaza.

MTAKWIMU: Mitungi mingapi, Daktari? Ya wilaya ipi, mwezi upi? Ukiniuliza 2009 ilihitaji mingapi Afrika Mashariki, nitakuonyesha tena ile namba 168 ya bara karibu zima, na wewe na mimi tunajua kwamba haiwezi kuwa kweli. Wala siombi jengo jipya. Kliniki za wajawazito huchukua damu kila siku, na kwa miaka mingi mabaki ya damu hizo yalitumika kufuatilia VVU katika nchi zetu, bila majina. Mabaki hayohayo yakitunzwa kwenye baridi, wiki ya tatu ya mlipuko wowote tungeweza kujua ni wangapi wameambukizwa bila kufika kwako. Asili ingekuwa yetu wenyewe, badala ya kusubiri ya England au ya Melbourne na kuivaa kama nguo ya kuazima.

MPANGAJI WA BAJETI: Friji la nyuzi 80 chini ya sufuri, jenereta ya kuliendesha umeme ukikatika, mtu wa kulilinda usiku, na ridhaa ya kina mama ambao damu yao itakaa humo wakati mwingine kwa miaka, bila mlipuko wowote kutokea. Mwaka wa kwanza nitaipata fedha hiyo, kwa kuwa watu bado wanaogopa. Mwaka wa sita, kukiwa kimya, nani kati yenu atakuja kamatini kuitetea?